Pamba Mdomoni

Vigelegele vya kwanza kupigwa kwa ajili yangu nilivisikia nikiwa bafuni, nimeinama juu ya ndoo, natema damu.

Msinicheke. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeng'olewa gego. Kosa lilikuwa langu. Mimi ni fundi makochi, na fundi makochi ana mikono miwili tu: mmoja unavuta kitambaa, wa pili unapiga nyundo. Kwa hiyo misumari inakaa mdomoni, na uzi wa nta unakazwa kwa meno. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha hivyo katika karakana yake, naye aliingia kaburini na meno yake yote. Mimi gego langu likapasuka katikati.

"Fundi," daktari wa meno alikuwa akinionya kila nikienda, "meno ni ya kulia. Koleo zinauzwa dukani."

Alilihangaikia gego lile kwa muda mrefu kabla halijamshinda. Na huko kwenye kuhangaika ndiko yalikonikuta yaliyonikuta. Daktari yule ukikutana naye barabarani hana maneno, hata salamu anaitoa kwa shida, macho yako chini. Lakini mweke mbele ya mdomo uliofunguliwa, loo! Alinisimulia habari za mama yake na njiwa wake. Alinisimulia alivyosimamishwa darasani utotoni asome shairi, akatoka jasho mpaka mwalimu akamhurumia. Nesi yupo pembeni, mlango uko wazi, na mimi nimeachama najibu "aah" na "ooh". Wallahi nilimpenda mtu ambaye sikuwahi kumjibu sentensi nzima.

Siku ya kung'oa alinijazia pamba pale palipokuwa na gego, akaniambia, "Uma. Usiongee mpaka jioni, damu itaanza upya." Kisha akageuka, akawa anapangusa koleo ambayo ilikwisha kuwa safi. Bila kunitazama akasema, "Ukipona, fundi, kuna jambo nataka kukuuliza."

Uliza sasa hivi, nilitaka kumwambia. Niulize hapa hapa! Nikabaki kumtazama juu ya ile pamba, naye akaniangalia mara moja, koleo ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Nesi akacheka. Nikaenda zangu nyumbani na moyo unanidunda kuliko fizi.

Nafika sebuleni, nimejitanda mtandio mpaka puani kwa maumivu, namkuta baba mdogo na shangazi, na wazee wawili wa msikitini. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nikaonyeshwa pa kukaa.

"Mwanangu," baba mdogo akaanza, "tangu baba yako atangulie mbele ya haki, mimi ndiye walii wako. Sasa kuna mtu mwema, mwenye duka la matairi, amekuja kukuposa. Anaswali, hanywi, havuti. Sharti lake moja tu, ufunge ile karakana, utulie nyumbani kama wanawake wenzio. Unasemaje?"

"Mmmh!" nikasema. Nilikusudia hapana. Lakini jaribuni nyinyi kusema hapana na pamba kinywani, muone itatokaje.

Ganzi nayo ilikuwa inaisha. Machozi yakanichuruzika.

"Analia," shangazi akasema kwa furaha. "Haya hizo. Mtoto kalelewa huyu."

Nikatikisa kichwa. Maumivu yakanipanda mpaka sikioni, nikalishika shavu kwa mikono miwili.

"Mwoneni anavyojificha uso!"

Damu ikaanza kunijaa mdomoni. Nikainuka, nikakimbilia bafuni.

"Kakimbia kwa haya!" nikamsikia mzee mmoja. "Alhamdulillahi. Bikira idhini yake ni kunyamaza kwake." Wakasoma Fatiha. Shangazi akaachia vigelegele, na yeye akipiga vigelegele mtaa mzima unajua.

Jioni pamba ilitoka, na mimi nikatoka nayo.

"Baba mdogo, mimi sikukubali. Nilikuwa na pamba mdomoni."

"Pamba ya nini?"

"Nimeng'olewa jino."

"Sasa jino na ndoa vinahusiana nini?"

"Sikuweza kusema!"

"Basi si ndiyo, ulinyamaza." Alikuwa amevua kofia, anajipepea nayo. "Kila msichana husema hivi baadaye. Woga tu huo, utakwisha. Nimeshatoa neno langu mbele ya wazee. Akdi ya ndoa ni Ijumaa, baada ya Alasiri."

"Neno ulilolitoa ni lako. Mdomo ni wangu."

Shangazi akajishika kifua. Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na mtandio wake mkononi.

"Umeona?" Baba mdogo alisimama. Si mtu wa makelele, baba mdogo, lakini jioni ile sauti ilimtetemeka. "Ndiyo matokeo ya kumpa mtoto wa kike nyundo. Nilimwambia marehemu, hakunisikia. Wenzako wote wana watoto. Wewe una sponji na misumari. Nitaishi milele mimi? Nikifa nani atakutazama? Nani atakuoa na mikono hiyo?"

Niliitazama mikono yangu. Ina makovu, ni kweli, na kidole gumba kimoja kucha yake haijanyooka tangu nilipojigonga nikiwa ningali mwanafunzi. Iliniuma kuliko jino. Nikaiweka nyuma ya mgongo, kisha nikajichukia kwa kuificha, nikaitoa tena.

"Sitaki," nikasema.

"Utataka," akasema, akaondoka.

Nilirudi kwa daktari atazame jeraha. Nikakaa kwenye kile kiti chake cha wagonjwa, ambacho ngozi yake imechanika upande wa kulia na amekibandika plasta ya hospitali, kitu ambacho kila nikikiona mkono unaniwasha. Nesi alikuwa anapanga vifaa. Daktari akavaa glavu, akaniambia fungua, nikafungua. Akawa kimya. Hakuna njiwa, hakuna mama, hakuna lolote. Vidole vyake viwili vikawa vinapapasa fizi yangu polepole.

"Panapona vizuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Nimesikia msikitini. Hongera, fundi."

Nikamuuma.

Si kwa utani. Alipiga ukelele, nesi akaangusha trei nzima, na mtu aliyekuwa anasubiri zamu kwenye benchi nje akanyanyuka akaenda zake.

"Unanipongeza nini?" Nilikuwa nimeshakaa wima.

"Umeposwa." Alikuwa ameshika vidole vyake kwapani. "Wanasema umeridhia."

"Nani kasema nimeridhia?"

"Wanasema ulinyamaza."

"Na nani aliyeniambia ninyamaze mpaka jioni?"

Nikaona neno linavyomwingia. Alikaa taratibu kwenye kile kistuli chake cha magurudumu, kikarudi nyuma kidogo, akakizuia kwa mguu.

"Siku ile ile?" akauliza.

"Siku ile ile. Nimetoka kwako nimefika kwao. Wewe ndiye uliyenifunga mdomo, daktari, na wengine wakaniuza."

"Astaghfirullah." Alifunika uso kwa mkono ambao haukuumwa. "Sikujua."

"Sasa umejua. Uliniambia nikipona utaniuliza jambo. Uliza."

Nesi akaacha kuokota. Daktari alinitazama, na safari hii hakukwepesha macho, na mimi nikaona kila kitu mle. Nilimwona ameshika swali lake tayari. Kwa muda kidogo niliamini atasema.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi?"

"Tumekatazwa kuposa juu ya posa ya ndugu yetu. Mpaka yeye aache, au wewe umkatae. Nikikuuliza leo nitakuwa nimeiba."

"Basi niambie nikikataa utaniuliza."

"Hilo nalo ni kuuliza."

"Kwa hiyo unakaa hapo na kistuli chako unanitazama naozwa!"

"Fundi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitaki ukatae kwa ajili yangu. Ukikataa kwa ajili yangu watasema mwanamume mmoja kakutoa kwa mwanamume mwingine. Kama humtaki, mkatae kwa kuwa humtaki. Ni haki yako hata mimi nisingezaliwa."

Nilikasirika sana, na nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Mwanamke anataka aambiwe njoo nitakushika. Hataki kuelezwa haki zake na mtu anayempenda, tena aliyeficha vidole kwapani. Nikashuka kitini, nikajifunga mtandio.

"Kiti chako kimechanika," nikamwambia. "Ni aibu, daktari mzima." Nikatoka bila kuaga.

Huko barabarani ndiko nilikolia. Nililia vizuri, nikamaliza, nikaenda karakana nikavua ngozi ya kochi zima la watu kwa hasira.

Ijumaa ikafika. Asubuhi mama alinikuta jikoni nasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Nguo waliyoniletea ilikuwa imetundikwa chumbani, sikuigusa. Nilivaa gauni langu la kazini na aproni juu yake, na mfukoni mwa aproni misumari ilikuwa inalia kila nikigeuka.

"Utatoka hivyo mbele ya wageni?" mama akauliza.

"Nitatoka hivi."

Nilingoja anikemee. Alichukua sufuria mikononi mwangu, akaiweka chini.

"Mimi nami niliulizwa," akasema. "Nikanyamaza. Na mimi sikuwa na pamba mdomoni."

Nikajipangusa mikono kwenye aproni.

"Nilikuwa na hapana hapa." Akajigusa kooni. "Ikakataa kutoka. Kukawa na vigelegele, mambo yakaisha. Nashukuru Mungu nilimpata baba yako, alikuwa mtu wa watu, nikaja kumpenda. Lakini ilikuwa bahati, mwanangu. Bahati sina ya kukurithisha."

"Mama, mbona siku zote hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Nimekuambia leo." Akanirekebisha mtandio, akaninyoosha aproni mabegani kana kwamba ndiyo nguo ya harusi yenyewe. "Simama wima tu. Ukiinama sauti haitoki."

Baada ya Alasiri wanaume walijaa sebuleni. Nilikuwa chumba cha pili na mama na shangazi, mlango umerudishwa nusu, nawasikia. Nilimsikia mwenye matairi akicheka kicheko kizuri cha mtu mzima. Nilimsikia akisifu makochi. "Haya mmeyatoa wapi? Yamekaa imara." Hakuna aliyemjibu. Baba mdogo akakohoa, akaagiza maji.

Sheikh wetu ni mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Ana ada moja ambayo baba mdogo aliisahau: hafungi ndoa kabla hajaenda kumsikia bi harusi kwa masikio yake, na mashahidi wawili wanaomjua. Nikasikia anauliza nani hapa anaijua sauti ya binti. Mzee mmoja akasema yeye anaijua. "Na wewe daktari," sheikh akasema, "si ni mgonjwa wako? Njoo."

Nikamshika mama mkono. Alikuwepo, basi. Alikuwa ametoka msikitini na wenzake, amekokotwa mpaka kwetu, na sasa anaitwa asimame aje ashuhudie nikipewa mtu mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Sheikh mbele, mzee nyuma yake, kisha daktari, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kidole kimoja kina plasta. Baba mdogo akaja nyuma yao, akasimama kizingitini. Aliponiona na aproni uso ulimshuka.

"Assalamu alaykum, binti," sheikh akasema.

"Waalaykumu salaam, sheikh."

"Baba yako mdogo ameniomba nifunge ndoa yako, na anasema ni kwa idhini yako. Umemridhia mtu huyu awe mumeo?"

"Sheikh," baba mdogo akaingilia, "alishanyamaza. Wazee ni mashahidi."

"Simuulizi kama alinyamaza. Namuuliza kama karidhia."

Mama akanisukuma mgongoni kwa kidole kimoja. Nikasimama. Misumari ikalia mfukoni. Nilimtazama daktari, naye alikuwa anatazama zulia, midomo imembana, na nikamwona jinsi anavyojizuia hata asinipe ishara. Mwanamume mpumbavu, mwaminifu. Nikaacha kumtazama. Hili lilikuwa langu.

"Sijaridhia," nikasema. "Simtaki, na sikubali."

"Usitutie aibu!" baba mdogo akasema.

"Siku mliponiuliza nilikuwa na pamba mdomoni, nimeng'olewa jino. Aliyenitia pamba ni huyo hapo. Muulizeni."

Wote wakamgeukia daktari. Jasho lilimtoka hapo hapo, nikamkumbuka yule mtoto na shairi lake.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza kuongea."

"Na machozi je?" shangazi akauliza. "Yale machozi?"

"Ganzi ilikuwa imeisha, shangazi."

"Na kukimbia?"

"Nilikwenda kutema damu."

"Yallah," shangazi akasema, akakaa kitandani. "Na mimi nilipiga vigelegele vile vyote."

Sheikh alikuwa anajikuna ndevu, na nadhani alikuwa anaficha tabasamu. Baba mdogo hakuona cha kuchekesha.

"Sheikh, mwambie basi. Mwambie dini inasemaje. Mimi si walii wake?"

"Ni walii wake," sheikh akasema. "Kuna binti alikwenda kwa Mtume kumlalamikia baba yake kwamba kamwoza pasipo ridhaa yake. Mtume akamwachia yule binti hiari. Yule alikuwa baba mzazi, ndugu yangu. Mimi na wewe ni nani? Kile kimya tuliruhusiwa kukikubali kwa kumsitiri msichana anayeona haya kutamka. Huyu ametamka."

"Nimetoa neno langu!"

"Neno la mtu halifungi ndoa ya mtu mwingine."

Baba mdogo alinigeukia, na kumbe macho yake yalikuwa mekundu. "Baba yako aliniusia. Alinishika mkono akaniambia nimtafutie mwanawe stara. Nifanye nini na wasia wa mtu aliyekufa? Niambie wewe."

Hapo nusura nivunjike. Maana alikuwa mkweli. Alimpenda baba, na ananipenda mimi, kwa ule upendo wake unaotembea bila kutazama unakanyaga wapi.

"Stara ninayo, baba mdogo," nikamwambia. "Baba alinipa mwenyewe, alinitia nyundo mkononi. Chakula nakila kwa nyundo hiyo, mama namtazama kwayo, na swala zangu zote tano naziswali mle mle karakana. Dini gani niliyoivunja? Chumo la mwanamke ni lake, hata Kurani imesema. Uliniambia mikono yangu ni ya aibu. Haya, wote hapo sebuleni wamekalia kazi ya mikono hiyo. Kila kochi nimelishona mimi. Kama ni aibu, wainuke!"

Nilikuwa nimepandisha sauti bila kujua.  Nikasikia springi zikilia sebuleni. Mtu ameinuka. Wa pili. Wa tatu. Wallahi sikuwa nimetegemea wainuke kweli, lakini nadhani mtu akiambiwa amekalia kitu, hata bila kufikiri husimama akitazame.

Mwenye matairi akaja mpaka kwenye ukumbi, akasimama mbali kwa adabu.

"Mimi niliambiwa bibi karidhia," akasema. "Kama hajaridhia basi yaishe, sheikh. Sioi mtu wa kuburutwa." Akanitazama, akaitazama aproni. "Makochi ni mazuri lakini," akaongeza, kama anayemlaumu mtu, akachukua viatu vyake mlangoni. Jamaa zake wakamfuata. Mlango wa nje ukafungwa.

Baba mdogo aliegemea ukuta. Alionekana mzee ghafla. "Haya. Umeshinda. Kapigwa teke mtu mwema mbele ya watu. Nani sasa atakuja kubisha hodi nyumba hii?"

 Moyo ulinipanda kooni, pale pale mama alipojigusa asubuhi. Nikasema moyoni, ukiinama sauti haitoki. Nikamgeukia shahidi wa pili.

"Daktari."

Akainua uso.

"Siku ile uliniambia nikipona kuna jambo utaniuliza. Nimepona. Na posa ya watu imekwisha kutoka mlangoni, umeisikia mwenyewe."

"Lahaula!" shangazi akasema. "Mwanamke anaposa?"

"Bibi Khadija alianza yeye kumposa Mtume," mama akasema. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo mbele ya wanaume wale, na sauti yake haikutetemeka. "Ilimpunguzia nini?"

Daktari alisimama hapo na kanzu yake. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aliufunga. Masikio yake yalianza kuiva, jasho likamshuka shingoni, akaitazama plasta ya kidole chake kama imeandikwa jibu.

Shangazi akamchungulia, akapiga makofi. "Kanyamaza! Jamani kanyamaza! Kunyamaza kwake ndiyo idhini!"

Hata sheikh akacheka. Mzee wa msikitini akacheka mpaka akashika kizingiti. Mimi sikucheka.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Kimya cha mtu mimi sikitaki. Nimeshaonja changu, najua kilivyo kichungu. Aseme."

"Mhurumie," mama akaninong'oneza.

"Aseme."

Daktari akavuta pumzi. Akamgeukia baba mdogo, kama inavyopasa. "Mzee, nakuja kuomba..." Sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Nakuja kumposa binti yako. Lakini naomba ruhusa nimuulize mwenyewe, kwa sababu tangu nimjue sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, ila za kunigombeza."

"Mtu anayeshinda ametia vidole midomoni mwa wake za watu," baba mdogo akanung'unika. Lakini alikuwa ameshachoka, akafanya ishara kwa mkono: muulize.

Akanigeukia. Safari hii hakutazama zulia. "Fundi," akasema, "utakubali niwe mumeo? Na karakana iwe yako, na chumo liwe lako, na nyundo uje nayo, na liandikwe katika sharti la ndoa mbele ya sheikh. Nilikuwa nimelitayarisha hili kwa muda mrefu. Lilikuwa zuri zaidi."

Macho yakanijaa maji. Nikasubiri. Sikumjibu, maana kulikuwa na mmoja ambaye hajauliza.

Baba mdogo aliona ninamtazama. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaja mpaka mbele yangu, karibu, kama ambavyo hakuwa amesimama tangu nilipokuwa mdogo. Akauchukua mkono wangu wa kulia wenye kucha iliyopinda, akaufunika kwa mikono yake.

"Mwanangu," akasema, "unasemaje?"

Nikaona nyuma yake shangazi anavuta pumzi, mdomo tayari, ulimi tayari.

"Shangazi, ngoja," nikasema. "Sijajibu."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Wote wakanyamaza, sheikh, mzee, mama, baba mdogo, na yule daktari wangu anayetoka jasho, wote wananisubiri mimi niseme. Sikuwa na haraka. Niliwaacha wasubiri mpaka baba mdogo akameza mate.

"Nimekubali," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mpita njia.

Kisha nikamgeukia shangazi. "Sasa piga."